Mchungaji Dkt. Howard S. Olson: Kutoka Lugha ya Kinyaturu hadi Nyimbo za Kanisa Zima

Usharika unapotimiza miaka mia moja, majina yanayosomwa kwanza ni ya wamisionari waliofungua kituo, wainjilisti waliotembea kwa miguu kijiji kwa kijiji, wachungaji waliobatiza, na wazee waliofyatua na kuchoma matofali ya kanisa. Walimu wa nyimbo hutajwa mwishoni, ikiwa wanatajwa. Hata hivyo Mkristo wa kawaida wa Singida, Iramba au Dodoma, akiulizwa amehifadhi nini moyoni katika miaka yote ya kuhudhuria ibada, ni nadra akariri mahubiri. Wengi wataanza kuimba. Mjane aliyeachwa na wajukuu, mzee asiyeona tena maandishi, kijana aliyekwenda kutafuta kazi mbali na nyumbani, wote hawa hubeba imani yao katika beti walizozijua tangu utotoni. Kwa hiyo ni haki, katika kitabu cha kumbukumbu kama hiki, kumpa nafasi mtu mmoja ambaye kazi yake ilibadilisha namna Kanisa la Kilutheri katika Tanzania linavyoimba, na ambaye alianza kujifunza kazi hiyo katika nyanda hizi za kati.

Howard S. Olson alizaliwa mwaka 1922 katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota, Marekani. Alifika Tanganyika mwaka 1946, mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili, akitumwa na Kanisa la Augustana, yaani Kanisa la Kilutheri lililoundwa na wahamiaji wa Kiswidi waliohamia Marekani. Alitumika nchini hadi mwaka 1988. Muda huo wa zaidi ya miaka 40 unatosha kumwona mtoto akibatizwa, akipata kipaimara, akifunga ndoa na kumleta mtoto wake mwenyewe ubatizoni.

Eneo la Augustana lilikuwa Iramba na Unyaturu. Injili ya Kilutheri ilikuwa imefika huko kabla ya Waamerika. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi mwaka 1911, wakiwa wametoka upande wa Kilimanjaro. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 viliivunja kazi hiyo ingali changa, nao Wajerumani wakaondolewa nchini. Katika miaka ya 1920 Kanisa la Augustana lilikuja kuchukua mahali pao, nalo likakuta Wakristo wachache, wainjilisti walioshika mahali pao, na jambo moja ambalo halikuhitaji mmisionari ili liendelee, yaani nyimbo. Watu walikuwa wakiimba. Waliimba nyimbo za Kijerumani zilizotafsiriwa, na baadaye wakaongezewa za Kiswidi na za Kiingereza, na sauti nne zikafundishwa kwa solfa ubaoni.

Isidhaniwe kwamba urithi huo ulikuwa mzigo tu. Zile tuni za Wittenberg na Leipzig zilipendwa, na bado zinapendwa. Upo uzito katika wimbo wa polepole unaoimbwa kaburini na watu mia tatu bila kinanda, na yeyote aliyehudhuria maziko ya mzee wa Kanisa katika vijiji vya Iramba anaufahamu. Kitabu cha Mwimbieni Bwana kilijaa nyimbo za namna hiyo, na mikono ya Wakristo ilichakaza kurasa zake kwa upendo. Lakini kulikuwa na kasoro ambayo waimbaji waliizoea kiasi cha kutoisikia tena, nayo ilimgusa mtu aliyekuja kutoka nje akiwa na sikio jipya.

Kasoro yenyewe ni hii. Katika Kiswahili mkazo wa neno kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtu husema Mungu, Bwana, upendo, wokovu, akikazia mu, bwa, pe, ko. Silabi ya mwisho hubaki nyepesi. Mstari wa wimbo wa Kijerumani au wa Kiingereza, kwa upande wake, mara nyingi huanza kwa silabi nyepesi na kuishia kwenye silabi nzito. Mfasiri alipoyapanga maneno ya Kiswahili chini ya nota hizo, hesabu ya silabi ilitimia, lakini mkazo ukaenda kombo. Jina la Mungu likaimbwa kana kwamba mkazo wake uko mwishoni. Mstari baada ya mstari ukaishia kwa kuikazia silabi ambayo hakuna Mswahili anayeikazia anaposema. Maana haikupotea, kwa kuwa msikilizaji alikuwa mvumilivu na neno alilijua. Lakini wimbo ulisikika kama maneno ya mtu aliyejifunza lugha ukubwani.

Katika lugha za makabila hali ilikuwa nzito zaidi, na hapo ndipo Unyaturu ilipomfundisha Olson. Kinyaturu, ambacho wenyewe hukiita Kirimi, ni lugha ya irabu saba na ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Silabi zile zile zikisemwa kwa toni nyingine huweza kuwa neno jingine, au wakati mwingine wa kitenzi. Basi mtu akichukua tuni iliyotungwa Ulaya, ambayo hupanda na kushuka kwa sheria zake, na kuiwekea maneno ya lugha ya namna hii, tuni humlazimisha mwimbaji ayaseme maneno kwa toni zisizo zake. Mnyaturu mwenyewe, katika wimbo wa mavuno au wa arusi, hafanyi hivyo. Tuni yake huzaliwa kutokana na usemi. Wimbo hufuata njia ambayo neno limekwisha kuichora.

Olson hakuridhika kulijua jambo hili kwa kukisia. Alilichunguza kama mwanafunzi. Alikaa na lugha hiyo muda mrefu, akaandika juu ya sauti zake na maumbo ya maneno yake, na utafiti huo ukachapishwa mwaka 1964 na Hartford huko Marekani. Wakati ule lugha nyingi za nyanda za kati hazikuwa zimepata uchunguzi wa namna hiyo. Ni jambo la kutafakari kwamba mtu anayekumbukwa duniani kwa nyimbo alianza kwa sarufi. Wapo waliokuja Afrika na vinanda na kuanza kufundisha siku ya pili. Huyu alianza kwa kuuliza neno hili husemwaje, na lile husemwaje, na kwa nini sauti imeshuka hapa.

Lakini suala la nyimbo halikuwa la silabi na toni peke yake. Liligusa nyumba. Katika sehemu nyingi za nchi, mtu alipobatizwa alitakiwa kuachana na ngoma. Sababu zilikuwepo, wala wamisionari hawakuzizua. Ngoma nyingine ziliambatana na pombe, nyingine na matambiko, nyingine na mambo ya usiku ambayo hata wazee wasio Wakristo hawakuyasifu. Hata hivyo katazo lile lilikata bila kuchagua. Pamoja na ngoma za matambiko zilikwenda nyimbo za kupura uwele, nyimbo za kumsindikiza bibi arusi, nyimbo za kuwasifu ng'ombe, nyimbo ambazo hazikuwa na kosa lolote ila kwamba zilipigiwa makofi. Mama Mkristo aliweza kumbembeleza mwanawe kwa tuni ya bibi yake siku sita za juma. Siku ya saba alisimama kanisani akaimba kwa tuni ambayo bibi huyo asingeitambua. Familia moja ikawa na masikio mawili. Wengi wa kizazi kile hawakulalamika, kwa maana walihesabu kuwa ni sehemu ya gharama ya kumfuata Kristo. Swali lililobaki ni kama kweli Kristo ndiye aliyeidai gharama hiyo.

Walutheri, kuliko wengine wote, walikuwa na sababu ya kuliuliza. Martin Luther alipotunga wimbo wake wa Krismasi uitwao Vom Himmel hoch, ambao inasemekana aliutunga kwa ajili ya watoto wake nyumbani, aliuweka katika tuni ya wimbo wa mitaani wa kutegeana vitendawili. Ndivyo ulivyotoka mwaka 1535. Mwaka 1539 wimbo huo huo ukachapishwa na tuni nyingine, ile inayoimbwa mpaka leo, na inaelezwa kuwa ile ya kwanza iliachwa kwa sababu ilikuwa ikisikika mno katika michezo na vilabu. Hivyo hata baba wa Matengenezo alijaribu, kisha akarudi nyuma. Mzee wa Kanisa wa Singida aliyekunja uso aliposikia tuni ya ngoma madhabahuni hakuwa mshamba. Alikuwa akibishana juu ya jambo ambalo Wittenberg yenyewe ililibishania.

Miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa miaka ya kuliuliza swali hilo waziwazi, na Olson hakuwa peke yake. Henry Weman, mpiga kinanda wa kanisa kuu la Uppsala nchini Uswidi, alisafiri katika misheni za kusini mwa Afrika na Tanganyika na kuandika kitabu juu ya muziki wa Kiafrika na Kanisa, kilichotoka mwaka 1960. Upande wa Wakatoliki, Misa Luba ilikuwa imeimbwa Kongo mwaka 1958. Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika aliandika juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963, mwaka ule ule ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu rasmi muziki wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Nje ya Kanisa, Mwalimu Nyerere, akihutubia kama Rais mpya wa Jamhuri mwezi Desemba 1962, aliwauliza wasomi wa nchi ni wangapi kati yao waliojua kucheza ngoma kama gombe sugu au kiduo, ilhali walijua dansi za Ulaya. Na tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri, Sinodi ya Kati ya Singida ikiwa mojawapo, yaliungana kuwa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Kanisa lililojitawala lilihitaji kuimba kwa sauti yake.

Wakati huo Olson alikuwa Makumira. Chuo cha Theolojia cha Kilutheri kilianzishwa Lwandai, Usambara, mwaka 1947, kikahamia Makumira karibu na Usa River mwaka 1954. Hapo walikutana vijana kutoka kila sinodi na kila dayosisi, Wahaya, Wachaga, Wapare, Wasambaa, Wameru, Wanyiramba, Wanyaturu, Wahehe, Wabena na wengine. Olson aliwafundisha, na miongoni mwa matunda ya kazi yake ya darasani ni kitabu cha kujifunzia Kiyunani kwa Kiswahili, Jifunze Kiyunani, kilichomwezesha mwanafunzi wa Kitanzania kulisoma Agano Jipya katika lugha yake ya asili bila kupita kwanza katika Kiingereza. Mtu mwenye kuamini kwamba neno la Mungu lifike kwa mtu kwa lugha yake, bila shaka asingeacha tuni zipitie njia ndefu.

Darasa lile lilikuwa hazina ya nyimbo ambayo hakuna msafiri angeweza kuikusanya kwa miaka kumi. Kila mwanafunzi alikuwa amekuja na nyimbo za kwao kichwani. Olson aliwaomba wazilete. Walizileta tuni za nyumbani, akaziandika kwa nota, nao wakazitungia maneno ya Kikristo. Huo ndio utaratibu ambao haupasi kusahauliwa, kwa maana huko nje mara nyingine hadithi husimuliwa kana kwamba mmisionari ndiye mtunzi. Maneno yalikuwa ya wachungaji vijana wa Tanzania. Tuni zilikuwa za mama zao na babu zao. Kazi ya Olson ilikuwa kusikiliza, kuandika, kuhariri, na baadaye kutafsiri kwa Kiingereza ili wengine waimbe. Ni kazi ya mkunga. Mkusanyo huo ulitoka Makumira katika miaka ya 1960 kwa jina Tumshangilie Mungu.

Ipo hekima katika uamuzi wa kutumia Kiswahili katika mkusanyo ule, na ipo hasara pia, nayo ni vema kusemwa. Kiswahili si lugha ya toni. Tuni ya Kihaya au ya Kinyaturu ikiwekewa maneno ya Kiswahili haiwezi tena kuyageuza maneno maana, na mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho hukaa vizuri katika mapigo ya Kiafrika, ambayo hayaoni haya kumaliza mstari kwa silabi nyepesi. Zaidi ya hayo, Mgogo akaweza kuimba wimbo wa Mhaya, na Mchaga wimbo wa Mnyiramba, wakawa Kanisa moja. Lakini tuni iliyozaliwa na usemi wa kabila fulani ikakatwa kitovu na usemi huo. Iliingia katika Kanisa kama mtoto aliyelelewa na shangazi, mwenye afya na furaha, ila asiyejua tena baadhi ya maneno ya mama yake. Olson, aliyezijua toni za Kirimi kuliko wageni wengi, lazima aliona kinachoachwa. Aliandika pia juu ya muziki wa Kiafrika katika ibada ya Kikristo, katika kitabu kilichohaririwa na David Barrett mwaka 1971.

Miongoni mwa wanafunzi wa Makumira wa miaka ile alikuwamo Bernard Kyamanywa, aliyezaliwa mwaka 1938, mwana wa Kanisa la upande wa magharibi ya Ziwa Victoria. Mwaka 1966 aliandika maneno ya wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya. Hakuna haja ya kuueleza kwa msomaji wa Kitanzania. Wimbo huo husimulia habari ya kaburi tupu kama mtu asimuliavyo jambo lililotokea jana kijijini, ubeti kwa ubeti, na katikati ya kila ubeti watu wote huingia na kiitikio. Asiyejua kusoma huhitaji kusikia kiitikio mara moja tu, naye amekwisha kuwa mwimbaji. Hiyo ndiyo siri ya uimbaji wa mwimbishaji na waitikiaji, ambao mababu waliutumia shambani na katika sherehe. Humpa kila mtu sehemu, hata mtoto aliyebebwa mgongoni.

Wimbo huo ukasafiri upesi kuliko mtunzi wake. Kufikia mwaka 1969 ulikuwa umepata maneno ya Kijerumani, nayo yaliandikwa na Ulrich Leupold. Kisa cha mtu huyu kinastahili kusimama nacho kidogo. Alizaliwa Berlin mwaka 1909, akawa mtaalamu wa muziki wa Kanisa, akalazimika kuikimbia Ujerumani chini ya utawala wa Wanazi, na mwisho akapata makao Kanada, akafundisha katika seminari ya Kilutheri ya Waterloo. Alikufa mwaka 1970. Hivyo mtu aliyefukuzwa katika nchi ya Luther ndiye aliyeipelekea nchi hiyo wimbo wa ufufuo kutoka Tanzania. Leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, namba 116. Sharika za Leipzig, zilizotuma wamisionari Iramba na Unyaturu mwaka 1911 wakiwa na vitabu vyao vya nyimbo, huimba asubuhi ya Pasaka kwa tuni iliyotoka huku.

Olson aliendelea kuzipeleka nyimbo hizo ng'ambo kwa Kiingereza. Mwaka 1977 shirika la uchapaji la Augsburg lilitoa mkusanyo wake Lead Us, Lord, na mwaka 1993, akiwa amekwisha kurudi Marekani, ukafuata Set Free. Humo zimo nyimbo kama Njoo kwetu, Roho mwema, wa Mchungaji Wilson Niwagila, ambaye baadaye aliandika pia historia ya Kanisa la Kaskazini Magharibi, na Neno lake Mungu, ambao Wamarekani huujua kwa maneno ya Olson mwenyewe. Kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani cha mwaka 2006 kinazo zote tatu. Sharika za Minnesota, zenye baridi ambayo hakuna mtu wa Manyoni anayeweza kuifikiria, hupiga makofi zikiziimba, ingawa inasemekana hupiga kwa uangalifu mkubwa.

Katika Dodoma habari ilikuwa na sura yake. Ugogoni Injili ilitangulia kufika kwa mikono ya Waanglikana wa CMS, waliokuwa Mpwapwa tangu mwaka 1876, na Ulutheri mjini Dodoma ulikua hasa kwa watu waliohamia kwa kazi, biashara na utumishi wa serikali, zaidi tena baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi mahali hapo. Usharika wa mjini ni mkutano wa makabila. Nyimbo za Kiswahili zenye tuni za Kiafrika ziliufaa usharika wa namna hiyo kama nguo iliyokatwa kwa kipimo chake. Lakini wenyeji wa nchi, Wagogo, wanao muziki ambao wataalamu wa dunia husafiri mbali kuja kuusikiliza. Sauti zao hupandana kwa umbali wa nne na wa tano, kwa namna isiyofundishwa katika solfa ya sauti nne. Zeze na marimba huongozana na waimbaji, na ngoma ya muheme hupigwa na wanawake. Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doduma, aliyefariki mwezi Desemba 2003, aliupeleka muziki huo katika majukwaa ya Ulaya, Asia na Amerika. Hakuwa mwanamuziki wa Kanisa, lakini kazi yake iliwaonyesha Wakristo wa Dodoma kitu walichokuwa nacho mlangoni. Ni sehemu ndogo tu ya hazina hiyo iliyopata kuandikwa kwa ajili ya ibada za Kilutheri. Olson aliikuta Singida akiwa kijana. Ugogoni hakupatikana Olson, na pengo hilo husikika.

Na pengo hujazwa na kitu kingine. Tangu kwaya zilipoanza kurekodi kanda za kaseti, na baadaye video, kinanda cha umeme kimekuwa mfalme wa mimbari ya waimbaji. Mapigo yamo ndani ya mashine, ni yale yale Arusha na Mbeya, na mwalimu wa kwaya hubonyeza. Kwaya hizo zimeleta vijana kanisani kwa maelfu, na hakuna mchungaji mwenye busara atakayezidharau. Lakini kizazi kilichokatazwa ngoma na wamisionari kilizijua nyimbo za kwao na kuziacha kwa makusudi. Kizazi cha kinanda cha umeme mara nyingi hakizijui hata ili kiziache. Bibi anayejua nyimbo za kupura uwele za Kinyaturu au nyimbo za arusi za Kigogo yupo bado katika vijiji vingi, ana miaka 80 na zaidi, na mjukuu wake ni mwimbaji hodari wa sauti ya kwanza ambaye hajawahi kumwomba amwimbie.

Mchungaji Dkt. Olson alifariki Marekani mwaka 2010, akiwa na umri wa karibu miaka 88. Makumira alikofundisha imekuwa chuo kikuu, na muziki, pamoja na muziki wa asili wa Kiafrika, hufundishwa huko hadi ngazi ya shahada. Vijana hujifunza kuandika kwa nota kile wanachokisikia vijijini, kazi ile ile ambayo watangulizi wao wa miaka ya 1960 waliifanya mbele ya mwalimu wao.

Katika kitabu kile cha nyimbo cha Marekani cha mwaka 2006, chini ya wimbo wa Pasaka wa mwaka 1966, limechapwa jina la Bernard Kyamanywa kwa maneno, na jina la Howard S. Olson kwa tafsiri. Mbele ya tuni imeandikwa tu kwamba ni ya asili, kutoka Tanzania. Jina la aliyeiimba kwanza, shambani au nyumbani, halimo.